Msitu Unaoinywesha Tanga

Maji ya bomba ya Tanga mjini hutoka bwawa la Mabayani, Mabayani hujazwa na mto Zigi, na Zigi huanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, kule juu ambako mvua hunyesha hata miezi ambayo sisi wa pwani tunapigana na vumbi. Haya mwalimu alituchorea ubaoni tukiwa shule ya msingi, tukayakariri, tukafaulu mtihani. Lakini wengi wetu tuliokulia Ngamiani, Chumbageni au Makorora tunaiona milima hiyo kwa mbali tu, asubuhi zisizo na mawingu. Tunanunua iliki yake sokoni, tunakoga maji yake, na tunazeeka bila kuikanyaga. Wageni wanavuka bahari kutoka Ujerumani na Uholanzi kuja kuuona msitu wa Amani, na sisi ambao tungeweza kuondoka baada ya chai ya asubuhi tukafika kabla ya adhuhuri, hatuendi.

Nikamwomba dada yangu aniazime binti yake, anayesoma kidato cha tatu, likizo ilipofika. Nilitaka aende na kitabu chake cha jiografia kichwani, akione kile kitabu kwa macho. Tulipanga kwenda, kutembea na mwongozaji, kulala hukohuko msituni, kisha kurudi.

Muheza tulikuta machungwa yamepangwa mafungu barabarani kama kawaida yake, tukanunua ya njiani. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi, kilomita kama 35 hadi Amani, na ishirini na kitu za mwanzo hazina mlima wa kutisha. Unapita mashamba ya michungwa na minazi, kisha unaingia kwenye mitiki ya Longuza. Hili ni shamba la serikali, miti imesimama kwa mistari, shina kwa shina, yenye umri mmoja na urefu mmoja. Chini yake majani makavu tu. Nilimwambia binti ayatazame vizuri mashamba haya ya mitiki, kwa sababu baadaye mtu atamwambia neno "msitu" na ningependa ajue tofauti. Mitiki ni mali, inajenga nyumba na inaingiza fedha, sina ugomvi nayo. Ila ni zao, kama mahindi.

Langoni Zigi ndipo unapolipa. Siku hizi hupokelewi noti: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unaonyesha ujumbe. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, jambo ambalo watu wa Tanga wangelijua, huenda lingewasogeza. Ofisi yenyewe na chumba cha maelezo vimo katika nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, maana hapa palikuwa na reli. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati wa Wajerumani, kampuni ya mbao ilijenga njia ndogo ya treni kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi hapa Zigi, ili magogo ya Usambara yashuke bandarini. Nyumba imebaki, reli imeng'olewa. Ukisimama barazani unaelewa kwamba mtu wa kwanza kuufungulia msitu huu mlango wa kisasa alikuja kuuchukua, hakuja kuutazama.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa kijiji cha hukohuko juu, Msambaa, kofia ya kufuma kichwani na panga dogo mkononi. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akatutazama viatu. "Dada, wewe umevaa vizuri. Binti, hivyo viatu vya shule vitakuangusha." Akaenda nyuma ya ofisi akarudi na mabuti ya mvua yanayomtosha. Baba yake, alituambia njiani, aliajiriwa kituo cha utafiti cha Amani kufua na kupiga pasi, akaishia maabara akihesabu mbu. Yeye mwenyewe alianza kazi ya msitu akiwa kijana, akiwabebea wanasayansi nyavu na mizigo, na majina ya miti aliyajua kabla yao.

Tuliacha gari lipande na barabara, sisi tukashika njia ya miguu.

Jambo la kwanza ni kwamba jua linaisha. Saa nne ya asubuhi, anga wazi, na hatua ishirini ndani unatembea kwenye mwanga wa kijani unaofanana na wa jioni. Jambo la pili ni unyevu: nguo zinashika mwili ingawa hakuna mvua. Mzee alitusimamisha chini ya mtambaa, mti ambao wataalamu wanauita Cephalosphaera usambarensis, na akatutaka tutafute tawi la kwanza. Tulikunja shingo mpaka zikauma. Shina linapanda wima, laini, bila kifundo, na tawi la kwanza liko juu kuliko minara mingi ya misikiti ya mjini kwetu. Mizizi yake imetoka ardhini imesimama kwa ubavu kama kuta za nyumba isiyoezekwa, na binti aliingia katikati ya kuta mbili akapotea. Mzee alisema mti wa namna hii ndio magogo yaliyokuwa yakishuka kwa ile reli, na ndio uliofuatwa tena na misumeno ya mashine miaka ya 1970 na 1980.

Hapa niseme habari hiyo kidogo, kwa sababu vijana hawaijui. Serikali ya Finland ilisaidia sekta ya mbao Tanga, na sehemu ya msaada huo ikaishia kwenye ukataji wa mashine ndani ya misitu hii. Wanasayansi wakapiga kelele, wenyeji nao waliokuwa wakiona vijito vinageuka matope wakalalamika, na katika miaka ya 1980 ukataji ukasimamishwa. Baada ya hapo Finland ileile ikageuka kuwa mfadhili mkubwa wa uhifadhi wa Usambara Mashariki. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mzee anaikumbuka misumeno. Anasema ilisikika hadi kijijini kwao, na siku iliponyamaza, watu waliona ajabu.

Ukataji uliacha mapengo, na mapengo yakapata mgeni. Kuna mti unaoitwa Maesopsis, kwao ni Bukoba, Uganda na kuendelea magharibi. Wajerumani waliuleta kuujaribu hapa Amani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Unakua haraka mno na unapenda jua, kwa hiyo kila mahali gogo kubwa lilipoanguka na mwanga ukaingia, wenyewe ukachipua. Matunda yake yanapendwa na hondohondo, wale ndege wakubwa wenye mdomo wa pembe, na hondohondo huruka mbali na kuzitapika mbegu kila upande. Tuliwasikia kabla ya kuwaona: mabawa yao hutoa mvumo mzito, kisha ukelele wa kukwaruza, kisha wawili wakatua juu ya ule mti wakaanza kula. Binti alifurahi. Mzee alifurahi pia, maana anawapenda ndege hao, lakini alisema, "Hawa ndio wakulima wa ule mti. Utawazuiaje?" Na kweli hakuna njia. Mahali ambapo msitu haukukatwa, Maesopsis hauna nguvu. Mahali palipofunguliwa, umejaa. Niliona kwa macho yangu jinsi kosa la binadamu linavyoendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mkosaji kuondoka.

Msambu niliupenda kuliko miti yote. Matunda yake ni makubwa, ya kahawia, yananing'inia mazito kwenye matawi, na yakikomaa huanguka yenyewe. Ndani mna mbegu zenye mafuta yanayoganda yakipoa. Wenyeji wameyatumia tangu zamani kupikia, na miaka ya karibuni kampuni za Ulaya zimekuja kuzinunua mbegu kwa ajili ya viwanda vya vyakula. Kuziokota ni kazi ya kuinama kutwa, na uziwahi kabla panya hawajazichukua. Mzee alituonyesha chini ya msambu mmoja maganda yaliyotafunwa, akasema, "Panya-buku kaamka mapema kuliko sisi." Nilichokipenda ni hiki: ni mti ambao ukiwa hai unalipa kila mwaka, kwa hiyo mwenye shamba anao msukumo wa kutoukata. Hoja hiyo hailengi moyo wa mtu. Inalenga mfuko, na mfuko nao una haki yake.

Kisha kijito, na kando yake jiwe kubwa lenye kivuli, limelowa, na juu ya jiwe maua. Madogo, ya zambarau, majani yenye manyoya laini, mizizi imeshika kwenye ufa ambao hata kucha haiingii. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyetawala sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo yapo kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima, ya rangi zote, yameoteshwa vizazi kwa vizazi vitaluni. Ni biashara ya fedha nyingi. Hapa kwao, yanaishi kwenye mawe machache yenye kivuli, na kivuli kikiondoka yanakufa kwa jua. Binti aliinama akataka kuyagusa, mzee akamzuia kwa upole: "Tazama, binti. Udongo wake ni kidogo kuliko wa kijiko. Ukilitingisha, limekwenda." Tulikaa pale muda mrefu. Sikuwa nimetegemea kwamba ua dogo hivyo lingenishika kiasi kile.

Chini ya jiwe hilohilo, kwenye majani yaliyooza, kulikuwa na chura wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mzee hakumshika, alimwonyesha kwa ncha ya ujani. Hawa ni ndugu wa wale vyura wa Kihansi waliopata kuwa habari ya taifa bwawa la umeme lilipojengwa, jamaa ambayo haitagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa watoto kamili, vyura wadogo tayari. Msitu wenye unyevu mwaka mzima humwezesha chura kuishi bila kuhitaji dimbwi. Na ni mwaka mzima kwa sababu upepo kutoka Bahari ya Hindi, bahari yetu ileile ya Raskazone, unagonga milima hii na kuachia unyevu wake. Wanasayansi wanasema hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka. Nyakati ambazo Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma, safu hii ya milima, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, ilibaki inalowa, kila mlima peke yake kama kisiwa. Ndiyo maana kuna viumbe vilivyopo hapa na havipo popote pengine.

Tulipotoka juu kwenye mwanga, tulitokea kwenye chai. Ni mabadiliko ya ghafla: hatua moja uko chini ya mtambaa, hatua inayofuata uko mbele ya vilima vya kijani kibichi vilivyokatwa sawasawa, wachumaji na vikapu mgongoni. Mashamba haya ya Kwamkoro, Bulwa, Monga na Derema yamekatwa ndani ya msitu wenyewe, na msitu umebaki kuyazunguka na kujipenyeza mabondeni. Ni pazuri kutazama. Pia ni hesabu ya msitu ulioondoka.

Hapo ndipo mzee aliposimulia habari ya iliki. Nimeifikiria tangu siku hiyo kuliko habari nyingine yoyote ya safari.

Iliki hupenda kivuli. Mkulima haangushi miti mikubwa, anafyeka ile midogo ya chini, anapanda iliki chini ya msitu, na kwa miaka kadhaa anavuna vizuri. Baada ya hapo rutuba inapungua, mavuno yanashuka, na miche ya miti ya kurithi ile mikubwa haipo, kwa kuwa imefyekwa. Mwishowe miti mikubwa nayo inakatwa, panapandwa muhogo na migomba. Kwa mtu wa uhifadhi, iliki ni msitu unaokufa polepole huku ukionekana mzima. Kwa mtu wa kijiji, iliki ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na mahari ya kijana. Miaka ya 2000 serikali ilipoamua kuufunga msitu wa Derema ili uunganishe vipande vya misitu vilivyotengana, wakulima zaidi ya elfu moja walitakiwa kuacha mashamba yao ya iliki humo na kulipwa fidia. Mzee alikuwa na ndugu miongoni mwao. "Fedha ilikuja, dada, sisemi haikuja. Lakini fedha inakuja siku moja. Iliki ilikuja kila mwaka."

Binti akamuuliza swali ambalo mimi nilikuwa nalipembua bado: "Babu, kwani wewe ungependa iliki irudi?" Mzee alitembea kwanza. Kisha akasema hapana, asingependa, kwa sababu ameviona vijito vya upande uliolimwa na vya upande usiolimwa, na tofauti yake anaijua. "Lakini anayekunywa maji chini angejua tuliacha nini huku juu, ingekuwa vizuri." Hakuyasema kwa kutulaumu. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa chini, na binti, na majirani zetu wote mjini.

Amani yenyewe ni kijiji chenye ukungu, mita kama 900 juu ya usawa wa bahari, nyumba za zamani za mabati na mabaraza mapana zimetawanyika vilimani. Wajerumani walianzisha hapa mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, na bustani hiyo bado ipo: mikarafuu, mianzi, mikafuri, ikiwa imechanganyika na miti ya asili. Wakati wa Vita ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa na manowari za Waingereza, dawa ya kwinini ya jeshi lao ilitengenezwa hapa kwa magome ya misinkona. Waingereza walipochukua nchi, waliendeleza utafiti wa kilimo, na baada ya watu wa kilimo kuhamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa malaria wakashika majengo.

Kama ningeruhusiwa kumwonyesha Mtanzania kitu kimoja tu cha historia ya Amani, nisingemwonyesha jengo. Ningemwonyesha muhogo. Miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa unamaliza mihogo Afrika Mashariki, na hapa Amani, watafiti wakiongozwa na H. H. Storey na R. F. W. Nichols, wakaanza kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, hasa mpira wa Ceará, ambao haushikwi kirahisi na ugonjwa huo. Kazi ilichukua miaka mingi ya kupandikiza, kuchagua, kutupa, kuanza tena. Mbegu zilizotokana nayo zilifika Nigeria, na miaka ya 1970 watafiti wa Ibadan wakazitumia kuzalisha mihogo inayostahimili, ambayo imelimwa na mamilioni ya watu barani. Kwa hiyo mama anayemenya muhogo Benin au Uganda anaweza kuwa anamenya kitu chenye damu ya Amani. Wasafirishaji wa vipando, wapaliliaji na wahesabu majani waliofanya kazi hiyo kila siku walikuwa watu wa vijiji hivi. Majina yao hayakubandikwa kwenye mbegu yoyote.

Ndege nao wana habari hiyohiyo, ila na tofauti moja njema. Reginald Moreau, Mwingereza aliyeishi hapa kuanzia mwaka 1928 akifanya kazi ya ofisi ya kituo, alitumia muda wake wa ziada kuwachunguza ndege, na akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu anayeishi hapa na kaskazini mwa Msumbiji tu, ambaye jina lake la kisayansi, Artisornis moreaui, linamtaja yeye. Lakini Moreau hakuficha kwamba macho na masikio ya kazi ile yalikuwa ya Salimu Asmani, Mtanganyika aliyewatafuta na kuwafuatilia ndege hao pamoja naye. Mzee wetu alilitaja jina la Salimu Asmani kwa heshima ambayo watu huwapa masheikh. Tulitembea naye jioni ile kandokando ya majengo ya maabara, mengi yamefungwa, machache yana taa, na nikahisi kwamba tunatembea na mtu wa ukoo huohuo wa kazi.

Nyumba ya wageni tuliyolala ina sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, vitanda vyenye blanketi mbili mbili, na jikoni ambako mama mpishi alikuwa akichochea kuni. Wa pwani wajiandae: ni baridi. Nilivaa sweta, nikafunga khanga juu yake, na bado nilisogea motoni. Tulikula ugali, maharage ya nazi na mchicha, chai ikafuata, yenye iliki ya kutosha kiasi kwamba harufu ilijaa chumba. Binti alikaa karibu na mama mpishi, wakazungumza habari za shule, na nikasikia kwamba mabinti wa huku wanatembea njia ndefu ya mlima kufika sekondari. Hakuna aliyelalamika. Lilisemwa tu.

Baada ya isha mzee akaja na tochi. Kutembea msituni usiku ni safari nyingine kabisa, na ningemshauri yeyote anayekwenda Amani asiikose. Kinyonga, ambaye mchana huwezi kumwona hata ukimpita pua kwa pua, usiku hulala na rangi yake hufifia, na mwanga wa tochi humfichua ncha ya tawi akiwa mweupe. Tulimwona mmoja mwenye pembe mbili puani, na mwingine mdogo wa ajabu, wa rangi ya jani kavu, mkia mfupi, amelala kwenye bua la nyasi. Kwetu watu wengi humwogopa kinyonga, na binti alirudi nyuma yangu akinishika mkono: "Mama mdogo, tusikaribie." Mzee hakumcheka. Alimweleza jinsi anavyoshika tawi kwa vidole vilivyogawanyika mafungu mawili, jinsi macho yake yanavyozunguka kila moja peke yake, na taratibu mkono wangu ukaachiliwa. Juu ya miti komba walirukaruka, macho yao yaking'aa, na kutoka mbali akaanza perere. Asiyewahi kumsikia perere usiku hawezi kuamini kwamba mnyama mwenye ukubwa wa sungura anatoa sauti ile: mkwaruzo unaopanda, unapanda, unaishia kwenye yowe.

Asubuhi kabla ya kuondoka tulipitia banda la vipepeo. Wanakijiji huwafuga kwa kupanda mimea ambayo viwavi wao hula, kisha walikuwa wakikusanya mabuu yaliyojifunga na kuyauza kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Ni kazi safi. Haikati mti, na humhitaji mfugaji aijue mimea ya msituni kwa jina na kwa jani. Wanawake wengi walijijengea nayo. Mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, vipepeo wa Amani wakazuiwa pamoja na twiga. Naelewa kwa nini amri kama hiyo hutolewa. Lakini naamini kwa dhati kwamba mtunga sheria angepata kukaa nusu saa kwenye banda lile na mama aliyenionyesha viwavi wake kwa fahari, angeandika kifungu cha kumtofautisha na jangili.

Tukateremka. Mbega walikuwa juu ya barabara, weusi wenye manyoya meupe yaliyoning'inia mabegani, wakitutazama bila haraka. Langoni tulisimama darajani, mto Zigi ukipita chini yetu, maji yake maangavu, mawe yanaonekana, na nikamweleza mzee habari ambayo hakuwa ameisikia: kwamba mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji, na kwamba kulinda chanzo ni sehemu ya mipango hiyo. Wapo pia wakulima wa bonde hili waliojiunga katika umoja wao wa kuhifadhi mto. Alisikiliza yote. Akauliza kama fedha hiyo itapanda mpaka kijijini kwao, kwa watu waliotoka Derema.

Nilimwambia ndilo jambo nitakaloandika, na ndilo ninaloandika. Msitu huu hautunzwi na uzio. Unatunzwa na mtu aliyeacha shamba la iliki, na mama wa vipepeo, na mzee anayemzuia mtoto asilitingishe ua. Bili yangu ya maji ya mwezi haina senti ya mmoja wao inayoonekana. Ningependa iwemo, hata kidogo, na ningeilipa kwa furaha, na naamini watu wengi wa Tanga wangeilipa wakishaona wanalipia nini.

Binti amekwisha kumshawishi mwalimu wake wa jiografia, na darasa litapanda mwishoni mwa masika. Nilimpigia mzee kumwuliza anaweza kuwapokea wangapi. Akasema waje tu, ila wagawanywe, wasizidi kumi kwa mwongozaji mmoja, na wote wavae mabuti.